Bonde la Ufa (jina)

Bonde la Ufa, kwa Kiingereza Rift Valley, ni jina lililoenezwa na mwanajiolojia John Walter Gregory, aliyefika Ziwa Baringo mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1896. Alikusudia ardhi iliyodidimia kati ya nyufa mbili sambamba za gamba la dunia, na mji wa Nakuru, nchini Kenya, umekaa ndani yake hasa.

Serikali ililipa jina hilo maana pana mno. Mkoa wa Bonde la Ufa, makao yake makuu yakiwa Nakuru, ulianzia Turkana hadi Kajiado, ukajumuisha Kericho, Nandi na Uasin Gishu zilizo juu ya nyanda, nje kabisa ya bonde lenyewe. Tangu 2013 eneo hilo ni kaunti 14, lakini wenyeji bado hujitambulisha kwa jina la mkoa.

Maana ya tatu ni ya huzuni. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi na wengine kutupa mimba katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Homa iliyosababisha vifo hivyo, inayoenezwa na mbu na kuwapata binadamu pia, hubeba jina la bonde hata inapozuka Misri au Saudi Arabia.