Mpaka Umehamia Kariakoo

Haya wadau, nimerudi. Test zimeisha, nimelala siku mbili mfululizo, sasa akili imetulia. Juzi nilishuka Kariakoo kutafuta chaja ya laptop, na kila duka nililoingia stori ni ile ile: wageni, vibali, uhamiaji. Wengi wanadhani mambo haya yameanza jana. Sisi watu wa historia tuna ubishi wetu, kwa hiyo leo nawarudisha nyuma kidogo.

Tuanze na jina. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa pale. Mitaa yake mpaka leo inaitwa Kongo na Nyamwezi. Wamanyema, ambao asili yao ni Kongo, ni kati ya wenyeji wake wa zamani. Yaani ni mahali pa watu wa kuja tangu mwanzo. Na kila serikali iliyotawala Dar imejiuliza swali moja: nani kati ya hawa arudishwe kwao?

Mwanzoni swali hilo halikumhusu mgeni wa nje. Mwaka 1944 Mwingereza alitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika "wasiotakiwa". Ukikutwa Dar huna kazi, unarudishwa wilayani kwenu. Mtanganyika anafukuzwa ndani ya Tanganyika! Uhuru ukaja 1961, lakini tabia haikufa. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kitambulisho cha kazi wakazolewa mitaani kupelekwa mashambani. Mtajie "nguvu kazi" mzee yeyote wa mjini, atakuambia walivyokuwa wanakimbia. Angalia waliokuwa wanakamata: polisi, mgambo, viongozi wa wilaya. Ofisa uhamiaji hasikiki.

Wageni nao walifukuzwa, ila huko mbali, mpakani, na kwa operesheni. Desemba 1996 wakimbizi wa Kirwanda karibu nusu milioni walirudishwa kwao kutoka kambi za Ngara na Karagwe, wakisukumwa na polisi na jeshi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, wakiwemo watu waliokaa nchini miaka mingi, wenye wake, watoto na ng'ombe hapa. Safari hii uhamiaji walikuwepo, lakini bega kwa bega na wanajeshi.

Operesheni ina mwanzo na mwisho. Malori yakiondoka, watu wanapumua. Ofisi haiondoki, na hapo ndipo naona mabadiliko yenyewe yalipo. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ilichukua nafasi ya ile ya 1972, na idara ikazidi kupata meno: inatoa vibali, inakagua, inakamata, inampeleka mtu mahakamani, na anapopigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji marufuku, ndiyo inayomsindikiza kuondoka. Mwaka 2015 ikaongezeka sheria ya ajira za wageni. Mwaka 2018 ukazinduliwa mfumo wa Uhamiaji Mtandao. Kazi iliyokuwa ya msimu imekuwa ya kila siku.

Kariakoo ni mfano mzuri. Januari 2011 naibu waziri wa biashara wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, aliwapa Wachina wenye biashara ndogo ndogo pale siku 30 waondoke. Siku 30 zikapita, na miaka iliyofuata maduka yakaongezeka. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kuuza rejareja, kutengeneza simu, saluni na uwakala wa pesa za simu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo hadi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Hapo kwenye kibali ndipo tofauti na 2011 ilipo: kosa la dukani sasa linaishia uwanja wa ndege.

Wafanyabiashara wetu wana hoja, sikatai. Mtu aliyekopa mtaji wa fremu hawezi kushindana na mwenye kiwanda nyuma yake. Lakini ofisi inayopewa nguvu ya kuuliza "wewe ni nani?" haitaishia kwa Mchina. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia. Balozi Timothy Bandora naye alikuwemo kwenye orodha hiyo. Kama wakubwa hao iliwakuta, mimi na wewe je?

Rafiki yangu hapa hostel ni mtu wa Kigoma. Alipofuatilia kitambulisho, kwenye dirisha moja aliulizwa babu yake alizaliwa wapi, cheti kiko wapi. Babu wa nani alikuwa na cheti? Sisi wa mikoa mingine tuliokuwa naye foleni hatukuulizwa. Uingereza iliwakuta hayo kwa watu wa Windrush, waliotoka visiwa vya Karibiani wakiwa watoto, kihalali kabisa. Walipobanwa walete karatasi hawakuwa nazo, na wengine wakafukuzwa. Kashfa ililipuka 2018, wengine wameshazeeka.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo: kabla mtu hajapandishwa gari, apewe sababu kwa maandishi, muda wa kutafuta ushahidi, na hakimu wa kumsikiliza. Iwe ni Mchina wa Mtaa wa Kongo au Muha wa Kasulu.

Nyie mnaonaje, wadau? Wenye wazee walioishi enzi za nguvu kazi, waulizeni kabla hawajatutoka. Mimi naingia maktaba, kuna essay ya Jumatatu. Tuko pamoja.