Jinsi ya kutambua umri wa kamera kuukuu za studio

KAMERA kubwa za mbao zilizotumiwa studioni zamani huonekana kufanana: sanduku, mvukuto wa ngozi, lenzi yenye pete ya shaba na kitambaa cheusi alichojifunika mpiga picha. Hata hivyo, moja yaweza kuizidi nyingine umri kwa nusu karne.

Kwa mkazi wa Kitengela au Kajiado aliyerithi kamera kama hiyo, tofauti hiyo si ya bei tu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kifaa kilichoundwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kifaa hicho hakiruhusiwi kupelekwa ng'ambo bila kibali.

Dalili ya kwanza ni kibati cha mtengenezaji. Kampuni ya Century ya Rochester, Marekani, ilianzishwa mwaka 1900 na kununuliwa na Eastman Kodak mwaka 1903. Jina Folmer Graflex lilianza kutumika baada ya Kodak kuiacha biashara hiyo mwaka 1926. Kibati cha muuzaji chenye anwani ya Nairobi hakiwezi kutangulia mwaka 1899, reli ilipofika huko.

Dalili ya pili ni lenzi. Iliyoandikwa Tessar ni ya mwaka 1902 au baadaye. Kifungio chenye jina Compur hakikuwepo kabla ya 1912. Kioo kinachorudisha mng'ao wa samawati au zambarau kimepakwa utando ambao Zeiss iliubuni mwaka 1935, nao ulienea baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Lakini lenzi hubadilishwa. Matundu ya skrubu yasiyotumika kwenye ubao wake huashiria kwamba lenzi ya awali iliondolewa. Hapo umri wa lenzi si umri wa sanduku.

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, na ile ya Magadi inayopitia Kajiado ikajengwa katika miaka ya 1910. Yamkini kamera nyingi za bara ziliwasili baada ya 1895, hata zile zilizoundwa Ulaya mapema zaidi. Kwa hivyo stakabadhi na picha za familia zinazoonyesha kamera ilifika lini zina uzito sawa na kibati.

Mwenye kamera asiisugue shaba wala kuipaka mbao vanishi kabla ya Makavazi ya Kitaifa kuikagua. Alama ikifutika, hairudi.