Chanjo ya surua: usingoje ugonjwa uingie kwenye avenue
Surua, wengi hapa Kolwezi wanaiita rougeole, inapita kwa hewa mgonjwa akikohoa. Kati ya watu 10 wasio na chanjo walio karibu naye, 9 wanaweza kuipata. Mlipuko uliotangazwa Juni 2019 uliua watu zaidi ya 6000 katika Kongo, wengi wao watoto.

Mwili unahitaji karibu wiki mbili baada ya sindano ili ujikinge vizuri. Ukingoja mpaka mtoto wa jirani augue, unaweza kuchelewa.

Mama, baba: mtoto akitimiza miezi 9, mpeleke kituo cha afya na kadi yake. Chanjo ni bure. Muulize muuguzi tarehe ya dozi ya pili. Homa kidogo baadaye ni kawaida.