Historia Fupi ya Kelele za Kasuku

Kwa Mkenya wa kawaida, kasuku kwanza ni daftari. Kisha ni mkebe, ule wa mafuta ya kupikia ambao mama mboga anaendelea kuutumia kupimia ndengu miaka mingi baada ya mafuta kuisha. Halafu ni tusi la darasani, kwa mwanafunzi anayekariri bila kuelewa. Ndege mwenyewe, wengi wetu tumemwona ndani ya tundu kwenye baraza ya mtu, na sifa ya kwanza tuliyoisikia juu yake ni moja tu: ana kelele.

Na kweli anazo. Muulize yeyote anayeishi ghorofa moja na mfugaji. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, ndege ameshaamsha ploti nzima. Jioni jua likizama, anarudia. Wale kasuku wadogo wa Amerika ya Kusini ambao wafugaji huwaita konyua ndio balaa zaidi. Konyua wa jua, yule wa manjano na chungwa, hana ukubwa wa kumzidi njiwa, lakini akipaza sauti unaweza kudhani king'ora cha gari kimekwama. Kuna wafugaji ambao wameshaambiwa na keateka wachague: ndege ahame au wahame wote.

Sasa hebu tuulize swali ambalo keateka hana muda nalo. Kelele hii ni ya nini?

Jibu liko kwenye ratiba yake. Msituni kasuku hulala kwa makundi, asubuhi hutawanyika kutafuta matunda na mbegu, jioni hurudi. Kwenye majani mazito huwezi kumwona mwenzako, kwa hivyo unamwita. Yule akijibu, unajua yuko hai na yuko upande gani. Asubuhi na jioni ndipo kundi linapohesabiana. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakichunguza kasuku wadogo wa kijani huko Venezuela walitoa matokeo ya kushangaza: wazazi huwapa makinda miito yao, kila kinda wake, kabla hawajaanza kuita wenyewe. Kwa lugha yetu, wanawapa majina. Kwa hivyo ndege wa jirani anayepiga makelele alfajiri anaita majina, na hakuna anayeitika.

Binadamu tulikuwa tumependa sauti hiyo kitambo sana kabla ya kujua maana yake. Miaka kama 400 kabla ya Kristo, daktari Mgiriki aliyeitwa Ctesias, aliyehudumu katika jumba la mfalme wa Uajemi, aliandika kuhusu ndege wa India anayezungumza Kihindi, na ambaye angeweza kuzungumza Kigiriki kama angefundishwa. Ctesias aliandika mambo mengi ya ajabu ambayo hayakuwa kweli. Hilo la ndege lilikuwa kweli.

Tangu hapo kasuku akawa mali ya wakubwa. Columbus aliporudi Uhispania mwaka 1493, kati ya vitu alivyobeba kuonyesha kwamba amefika mahali kulikuwa na kasuku. Dhahabu ilikuwa kidogo, lakini ndege wa rangi anayeongea alionekana na kila mtu. Mwaka 1845, Andrew Jackson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alipozikwa Tennessee, mmoja wa waombolezaji alisimulia kwamba kasuku wa marehemu, aliyeitwa Poll, alianza kuporomosha matusi hadi ikabidi atolewe nje. Watu wamekuwa wakicheka kisa hicho tangu wakati huo. Lakini fikiria, ndege hakuyatunga matusi yale. Aliyasikia nyumbani. Kasuku ni kinasa sauti ambacho huwezi kufuta.

Kisa kizito zaidi ni cha mwaka 1800. Msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt alikuwa kwenye mto Orinoco, mahali paitwapo Maipures. Wenyeji walimwonyesha kasuku mzee wakamwambia maneno yake hayaeleweki na mtu yeyote, kwa sababu anazungumza lugha ya Waature, kabila lililokuwa limekwisha. Huenda wenyeji walitia chumvi kidogo. Lakini kwa nini hadithi hiyo haijafa kwa miaka zaidi ya 200? Nadhani ni kwa sababu inageuza lile tusi la darasani. Yule anayekariri bila kuelewa ndiye aliyebaki na maneno baada ya wenye lugha kuondoka. Ukitoka kwenye familia ambayo nyanya ndiye wa mwisho kuongea kilugha vizuri, unaelewa uzito wake.

Marekani nayo iliwahi kuwa na konyua wake, ndege wa kijani mwenye kichwa cha manjano aliyejulikana kama kasuku wa Carolina. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba alikuwa ndugu wa karibu wa konyua wa jua. Walikuwa wakiruka kwa makundi makubwa yenye kelele. Misitu ikakatwa, manyoya yao yakawekwa kwenye kofia za wanawake, wengine wakafungiwa kwenye matundu, na wakulima wakawapiga risasi kwa kula matunda shambani. Kilichowamaliza haraka ni tabia yao nzuri kuliko zote. Mmoja akianguka na kulia, kundi halikukimbia. Lilirudi kuzunguka juu yake, na mwenye bunduki akaendelea tu kufyatua. Wa mwisho kufugwa, dume aliyeitwa Incas, alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 21 Februari 1918.

Usidhani hayo ni mambo ya huko mbali. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, bingwa wa kuongea kati ya kasuku wote, ni mwenyeji wa misitu ya Afrika kuanzia magharibi hadi kwetu. Mpaka wake wa mashariki ulikuwa msitu wa Kakamega. Leo ukienda Kakamega utasikia ndege wengi, lakini kumsikia kasuku wa kijivu ni bahati ambayo karibu hakuna anayeipata tena. Ghana hali ni mbaya vilevile: utafiti uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mapema miaka ya 1990. Mashariki mwa Kongo, kwenye misitu ya Maniema ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, wategaji wamewakamata kwa wingi. Njia mojawapo ni ulimbo. Mtegaji anapaka gundi kwenye matawi, anafunga kasuku mmoja hai awe chambo. Chambo analia, wenzake wanashuka kumwitikia, wananasa. Unaona? Ni ule ule mwito wa alfajiri. Wengi hufa njiani kabla ya kufika sokoni.

Kuanzia 1982 hadi 2001, zaidi ya kasuku wa kijivu 600,000 waliotolewa porini waliuzwa kimataifa, na hao ni wale walioandikwa kwenye makaratasi. Ulaya ilisimamisha kuingiza ndege wa porini mwaka 2005, kisha ikafunga mlango kabisa 2007. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Hapa Kenya, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 2013, na mwaka 2018 KWS iliwataka wote wenye kasuku hawa wajitokeze wachukue vibali. Wengi walishangaa. Ati kasuku wa guka anahitaji karatasi?

Anahitaji, na anahitaji mengi zaidi ya karatasi. Ndege huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, yaani anaweza kukuzika. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu kwenye duka la wanyama Chicago, akamwita Alex. Hadi Alex anakufa mwaka 2007 alikuwa anataja rangi saba, anatambua vitu kama 50 kwa majina, na anahesabu hadi sita. Sasa mchukue mwenye akili hiyo, mfungie peke yake kwenye chumba kimoja huko Pipeline kuanzia asubuhi hadi urudi kazini. Wengine huanza kujing'oa manyoya wenyewe hadi kifua kinabaki ngozi tupu. Kufunika tundu na leso kunanyamazisha sauti kwa muda tu. Wafugaji wenye uzoefu wanajua dawa ya kweli ni kuitikia: akiita, mjibu kwa mluzi kutoka jikoni, naye anatulia kwa sababu amejua uko wapi. Ukimfokea, umemjibu pia, na kesho ataongeza sauti.

Wapo pia walioamua kujitafutia kundi. Ukienda Naivasha, tazama kwenye migunga. Wale kasuku wadogo wa kijani, wenye duara jeupe kuzunguka jicho, si wenyeji wa pale. Asili yao ni Tanzania. Wazee wao walitoroka au waliachiliwa kutoka kwenye matundu ya watu, aina mbili zikakutana, zikazaana, na sasa ni wengi, wanalala kwenye mashimo ya miti na kula mbegu. Jioni wanafanya kelele si haba. Wanaitana, na huko, tofauti na ploti yenu, kuna anayejibu.