Bunduki ya mitutu miwili

Kwetu Katanga, ukiuliza wazee juu ya uwindaji, hawaanze na bunduki. Wanaanza na Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka upande wa mashariki na upinde wake, akafika kwa Nkongolo, na mwanawe Kalala Ilunga akakuwa mufalme wa Baluba. Ni kusema, ufalme wenyewe ulizaliwa na muwindaji. Njo maana uwindaji haukuwa paka mambo ya nyama. Ulikuwa na mashirika yake, dawa zake, miiko yake, na sheria zake za kugawa. Tembo akianguka, jino lililogusa udongo lilikuwa la mukubwa wa inchi. Sheria hiyo ilijulikana kwa makabila mengi, na aliyeivunja alitafuta vita.

Bunduki ilikuja nyuma, kwa njia mbili. Njia moja ilitoka Benguela, ku bahari ya magaribi, na wachuuzi wa Ovimbundu. Ingine ilitoka mashariki, ku pwani ya Waswahili, ikipitia Unyamwezi. Msiri alisimama pale njia hizo mbili zinapokutana. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa muchuuzi wa Unyamwezi, na jina la Bayeke, watu wake, wengi wanalieleza kuwa ni jina la wawindaji wa tembo. Ku Bunkeya alipata bunduki na baruti kwa pembe, shaba, chumvi, na pia kwa watumwa. Jambo hili tusilifiche watoto wetu. Alipouawa na Kapiteni Bodson tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, Bodson naye akafa, inchi ilikuwa imekwisha kuzoea harufu ya baruti.

Lakini ni bunduki gani? Hapa wengi wetu tunachanganya, hata sisi walimu. Kuna mututu laini na kuna mututu wa mifereji. Mututu laini ni kama bomba la maji: unaweza kutia ndani risasi moja ya mviringo, ao vipande vya chuma, ao marisau madogo yanayotawanyika. Kupita metre makumi ine marisau hayana nguvu tena. Mututu wa mifereji umechorwa ndani mistari inayozunguka kama nyoka juu ya muti. Risasi inatoka ikijizungusha, inakwenda mubali na inakwenda sawasawa. Mututu wa kwanza ni wa kanga, sungura na swala mudogo wa karibu. Wa pili ni wa nyama mukubwa, nguruwe wa pori, mbogo.

Basi, kule Ulaya, zaidi Ujerumani na Austria, wawindaji walikuwa na shida moja ambayo wetu pia wanaijua. Unatoka asubuhi, hujui utakutana na nini. Ukichukua bunduki ya ndege, nguruwe anatokea. Ukichukua ya nguruwe, ni ndege wanaoruka. Mafundi wa Suhl na wa Ferlach walipata jibu: kuunganisha mitutu ya aina mbili juu ya kitako kimoja. Ile ya mitutu mitatu wanaiita Drilling, kwa sababu kwa Kijerumani tatu ni drei. Kwa kawaida mitutu miwili laini inakaa juu, kandokando, na ule wa mifereji unakaa chini yao. Vifyatulio ni viwili tu: muwindaji anasukuma kidude kidogo kwa kidole gumba, na kifyatulio cha mbele kinaacha mututu laini, kinashika ule wa mifereji. Waingereza nao walitengeneza za mitutu miwili, mumoja laini na mumoja wa mifereji, kwa wazungu waliohamia Afrika ya Kusini. Na mwaka 1885 Kanali mumoja, Fosbery, alipata akili ingine kabisa: mututu ulio laini karibu wote, na mifereji inaanza paka mwishoni, karibu na mudomo. Wakaiita Paradox, yaani jambo linalojipinga lenyewe. Jina zuri! Hata Warusi, kuanzia mwaka 1986, walitia bunduki ya mitutu mitatu ndani ya vyombo vyao vya kwenda mbinguni, kwa sababu mwaka 1965 wasafiri wao wawili walishuka mubali na mahali palipopangwa, wakalala ndani ya pori la theluji.

Sasa sikia namna jambo hili linatugusa. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mukataba ku Bruxelles. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo haikuwa uongo, kwani washika watumwa walitumia bunduki. Lakini soma sehemu ya silaha. Toka mustari wa 20 kaskazini mupaka mustari wa 22 kusini, kuingiza bunduki za mifereji na bunduki mupya zinazojazwa kwa nyuma kulikatazwa, isipokuwa kwa askari wa serikali na kwa watu wachache wenye ruhusa. Ni nini kiliachwa kwa kuuzishwa kwa wengine? Bunduki ya jiwe la moto, isiyo na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara. Mustari wa mifereji ndani ya chuma ukawa mustari kati ya watu. Wakati huohuo askari wa Force Publique walibeba Albini, bunduki ya kujazwa kwa nyuma.

Ninapofundisha jambo hili, mwanafunzi mumoja anauliza karibu kila mwaka: "Mwalimu, na ile bunduki yenye mitutu yote miwili, sheria ingesema nini?" Ninacheka, lakini swali ni zuri. Nusu ya bunduki imekatazwa, nusu imeruhusiwa. Kwa kweli ilikuwa bunduki ya muzungu, basi.

Ninajua moja. Nkambo yangu, baba ya mama, kandokando ya Lufira, alibeba bunduki ya muzungu mumoja wa shamba miaka mingi mbele ya uhuru. Mitutu miwili kandokando, mumoja laini wa kalibre 16, mumoja wa mifereji, na juu ya chuma imeandikwa Suhl. Nkambo alifuata nyayo, alijua upepo, alisema "pale" na kidole, na muzungu alipiga. Magaribi nkambo alisafisha mitutu yote miwili kwa kitambaa na mafuta, alihesabu kartushi, alirudisha. Nilikuwa mutoto wa miaka munane ao kenda nilipomuuliza alipiga nayo nini. Akanijibu: "Mwana, ilikuwa ya mukono wangu, haikuwa ya kidole changu."

Mwaka 1960 muzungu aliondoka haraka, akamuachia. Kartushi za mututu wa mifereji zilikuwa kumi na moja. Zilipokwisha, hakuna duka la Likasi wala la Lubumbashi lililokuwa na zingine za namna ile. Mututu laini uliendelea kufanya kazi, kwa sababu kartushi tupu za kalibre 16 alizijaza yeye mwenyewe tena na tena, mupaka karatasi ilipasuka. Mututu mwingine yeye aliuita jicho lililokufa. Ile bunduki ya kuheshimiwa, iliyokuwa na uwezo wa mbogo, ikabaki ya kanga.

Watu wa kijiji walicheka kidogo, kwa sababu wenye pupu walipata nyama kumupita. Pupu ni bunduki inayotengenezwa na wahunzi wetu: bomba la chuma, kitako cha muti mugumu, baruti ya kushindilia kwa mudomo, mara ingine kichwa cha kiberiti kwa kuwasha. Fundi mwema anajua kipimo cha chumvichumvi, makaa na kibiriti, kitu kama sehemu 75, 15 na 10. Fundi mubaya anakisia. Mujomba wangu mumoja alipoteza vidole viwili kwa sababu ya bomba lililopasuka. Hakuna aliyeandika jambo lile mahali popote. Mimi sikubali wanaosema kwamba pupu ni ushenzi wa watu wa pori. Ni mutoto wa mukataba wa 1890. Tulinyimwa chuma kizuri, tukashona chetu.

Sitetei kila uwindaji. Sheria ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 inaomba ruhusa ya kuwinda, na sababu iko. Vita vya 1996 na 1998 vilileta bunduki za kivita mu pori, na wanyama wa Upemba walipunguka sana. Kalashnikov haina miiko, haiulizi jino la udongo ni la nani. Lakini muzee mwenye pupu moja na mutu mwenye silaha ya vita hawawezi kuitwa kwa jina moja, na mara nyingi ni muzee njo anayekamatwa, kwa sababu anakamatika.

Nkambo alikufa mwaka 1994. Bunduki ilibaki ndani ya nyumba, kitako kikaliwa na muchwa. Kisha muhunzi mumoja aliomba mitutu. Iliunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Aliitia motoni, ikaachana. Ule laini aliutengenezea pupu, na ile pupu ingali inawinda. Ule wa mifereji aliurudisha, akisema haumufai, baruti ya kwetu inaunyonga. Mama aliuweka nyuma ya mulango. Watoto wangu tukienda kumuangalia wanauchukua, wanauelekeza kwa jua na kutazama ndani, na kila mumoja anahesabu mifereji. Mukubwa anasema sita. Mudogo anasema saba.