Historia ya Boma la Arusha na Pombe ya Ndizi ya Meru

Boma la Arusha, ngome ya kikoloni, lilijengwa na Wameru na Waarusha. Naanza na neno hilo kwa sababu kila mgeni anayefika mwisho wa Barabara ya Boma huambiwa kwamba ni kazi ya Wajerumani ya mwaka 1900, na watoto wetu shuleni wanakariri hivyo hivyo. Mjerumani aliamuru. Mawe yalibebwa na mabega ya watu wa Mlima Meru, kwa shuruti, na mabega hayo yalikuwa ya koo ambazo majina yake wazee wetu wanayajua hadi leo.

Historia ya mlima wenyewe inaanza mbali. Wazee husema babu zetu walitoka Usambara, wakawakuta wawindaji wa Koningo msituni, wakafyeka na kupanda migomba. Mbise na Kaaya hutajwa mbele, na umangi, yaani uchifu, ukakaa kwa Kaaya. Nnko, Pallangyo, Sarakikya, Nanyaro, Urio na wengine wana habari zao. Waarusha walikuja baadaye, wakakaa upande wa kusini magharibi.

Palipo na mgomba pana pombe, na katika jambo hili Meru haina wa kumwomba radhi. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa zichachuke. Kando, ulezi huloweshwa, ukaota, ukakaushwa juani na kusagwa. Uji wake ukishapoa ndipo huchanganywa na maji ya ndizi. Gamba la mti wa msesewe hutia uchungu, na anayekosea kipimo chake ameharibu kazi ya wiki nzima. Kazi hii ilikuwa ya akina mama. Mwanamume alisubiri kata yake. Mahari haikusemwa bila pombe, mshili, mkuu wa ukoo, hakupatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba bila pombe, na aliyetozwa faini na wazee alileta pombe pamoja na mnyama wa kuchinjwa. Jirani zetu wa Kilimanjaro wana mbege yao na wamesifiwa vya kutosha, sitaongeza.

Kwingine kinywaji na ngome hupatana. Huko Marekani, katika bonde la Napa, mtengeneza mvinyo Dario Sattui amejijengea ngome nzima kwa mfano wa ngome za Italia za karne ya 13, yenye minara, daraja la kuinuliwa na maghala ya mapipa chini ya ardhi. Inaitwa Castello di Amorosa, na wageni walianza kuingia mwaka 2007. Kule ngome ilijengwa ili mvinyo upate heshima. Kwetu pombe ilikuwa na heshima yake tangu zamani, na ngome ilipokuja ilikuja kuivunja nyumba iliyoipika.

Habari zake ni hizi. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri. Vijana wa rika la Talala, Wameru na Waarusha, waliwavamia na kuwaua. Makaburi yao yapo Akeri, na kanisa linawakumbuka ipasavyo. Lakini yaliyofuata hayakumbukwi kwa ibada. Kapteni Kurt Johannes alitoka Moshi na askari wake na maelfu ya wapiganaji wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikafyekwa. Anayejua maana ya mgomba kwa Mmeru ataelewa: mgomba uliofyekwa ni chakula, ni pombe, ni kivuli cha kaburi la babu, na ni hati ya shamba.

Tarehe 2 Machi 1900, Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga wakuu 19. Mangi Meli wa Moshi ndiye anayesemwa sana, na ukoo wake bado unatafuta fuvu lake Ujerumani. Siku ile ile alinyongwa Mangi Lobulu Kaaya wa Meru. Huyu hasemwi. Mwaka huo huo Boma likasimama Arusha: jeupe, kuta nene, mnara langoni, askari ndani. Miongoni mwa waliolijenga walikuwa watu wa Lobulu.

Hapa nakatiza, maana wako wanaosema kwamba baada ya kunyongwa mangi, Meru ilinyamaza. Meru haikunyamaza. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe pale. Nyumba zilichomwa tena, kama za 1896. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton. TANU ilikuwa haijazaliwa. Anayeandika historia ya uhuru wa nchi hii akaanza na 1954 ameruka ukurasa wetu.

Nirudi kwenye Boma. Mwaka 1916 Mwingereza aliliteka akalifanya ofisi. Mji ukakua chini yake, maduka ya Wahindi na Wagiriki yakapangana. Pombe ya ndizi ikashuka mjini pamoja na watu, ikawekewa vibali na vilabu maalum, huku bia ya chupa ikipewa viti vizuri hotelini. Mama wa Meru aliyepika kinywaji cha mangi akawa sasa anamwogopa askari wa doria. Aibu hiyo ilidumu muda mrefu mno.

Aliyeifuta kwa sehemu ni Adolf Olomi. Miaka ya 1990 alianzisha Banana Investments hapa hapa Arusha, na ndizi ikaingia kwenye chupa yenye nembo na kifuniko, ikauzwa dukani ikiitwa mvinyo. Kinywaji chake kiitwacho Raha ndicho kinachojulikana zaidi. Dodoma wana zabibu zao, na ni nzuri. Lakini zabibu ile ililetwa na wageni, wakati mgomba wa Meru ulikuwapo kabla ya mkoloni yeyote kuuona mlima. Mkulima anayeuza mikungu kiwandani leo anauza kitu ambacho bibi yake alikipika bila kufundishwa na mtu wa nje.

Boma limekuwa makumbusho ya viumbe hai na mazingira tangu 1987. Ndani kuna habari za chimbuko la binadamu, na ni habari kubwa, mkoa wetu unazistahili. Ninachodai ni chumba kimoja zaidi: jina la Lobulu Kaaya ukutani, majina ya koo zilizobeba mawe, na kando yake chungu, kata na gamba la msesewe, vilivyotolewa na akina mama wa Akeri, Nkoaranga na Poli. Wazee wanaoyajua majina hayo wamebaki wachache, na kazi ya kuyaandika ianze mwaka huu.