Mvinyo wa Mapovu wa Trento: Historia ya Milima, Mpaka na Chupa

Trentino ni jimbo la milima lililo kaskazini mwa Italia, ambako mto Adige hushuka kutoka vilele vya Alps na kuupitia mji wa Trento, mji ambao wasomaji wa historia ya Kanisa wanaufahamu zaidi kwa Mtaguso uliofanyika humo kati ya 1545 na 1563 kuliko kwa kinywaji chochote. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja sasa, mji huo umekuwa makao ya mvinyo wa mapovu unaotengenezwa kwa njia ileile ya shampeni ya Ufaransa, yaani njia ambayo mapovu hayaingizwi kwa mashine wala hayazaliwi ndani ya pipa kubwa, bali hujitengeneza ndani ya chupa ileile inayofika mezani kwa mnywaji. Historia ya mvinyo huu husimuliwa kwa kawaida kama kazi ya mtu mmoja, Giulio Ferrari, na hakuna anayeweza kuupunguza mchango wake. Lakini mtu huyo alitokea katika jimbo ambalo tayari lilikuwa limebanwa na maradhi ya mimea, ushuru wa forodha na umaskini, na ambalo lilikuwa limeanza kujitafutia njia ya kutokea kabla yeye hajazaliwa.

Katika karne ya 19 Trentino haikuwa sehemu ya Italia. Ilikuwa pembe ya kusini ya Tirol, chini ya dola ya Austria, na kwa wanywaji wa Innsbruck na Vienna mvinyo wake ulikuwa mvinyo wa kusini, wa nchi ya joto. Wakulima wake waliishi kwa nguzo mbili, mzabibu na nondo wa hariri, na nguzo zote mbili zilitikisika karibu wakati mmoja: ukungu unaoitwa oidiamu, ambao hufunika majani na matunda ya mzabibu kwa unga wa kijivu, uliharibu mashamba katika miaka ya 1850, na ugonjwa wa viwavi wa hariri ukafuata. Austria ilipoipoteza Lombardia mwaka 1859 na Veneto mwaka 1866, masoko ya jirani yaliyozoeleka yakajikuta ng'ambo ya mpaka wa forodha, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 hali ikawa ngumu zaidi kwa sababu mkataba wa biashara ulipunguza ushuru wa mvinyo wa Italia ulioingia Austria, ukamwacha mkulima wa mlimani akishindana na mvinyo wa bei rahisi wa tambarare. Watu wengi walihama, wengine hadi Brazili.

Majibu yaliyotolewa kwa shida hiyo yalikuwa mawili, na yote mawili yangali yanaonekana hadi leo. La kwanza lilikuwa shule: mwaka 1874 Bunge la Tirol lilianzisha chuo cha kilimo katika San Michele all'Adige, ndani ya majengo ya monasteri ya zamani ya Waagustino, na mkurugenzi wake wa kwanza, Edmund Mach, aliyekuwa mwanakemia, aliunganisha darasa, maabara na shamba mahali pamoja. La pili lilikuwa ushirika, ambao padri Lorenzo Guetti aliuanzisha mwaka 1890 katika bonde la Bleggio ili wakulima wanunue mahitaji yao kwa pamoja na kuepuka kunyonywa na wafanyabiashara na wakopeshaji. Katika nchi ambayo familia nyingi zilimiliki kipande cha ardhi kisichozidi hekta moja, ni vigumu kuona ni kwa njia gani nyingine kilimo cha zabibu kingeweza kudumu.

Giulio Ferrari, aliyezaliwa mwaka 1879, alikuwa tunda la shule hiyo. Baada ya San Michele alisoma Montpellier nchini Ufaransa na Geisenheim nchini Ujerumani, kisha akafanya kazi Épernay, katikati ya nchi ya shampeni, ambako aliona jinsi ubaridi na udongo wa chokaa unavyozaa zabibu zenye uchachu unaofaa mapovu. Aliporudi nyumbani aliamini kwamba miteremko inayouzunguka mji wa Trento ilikuwa na sifa za kufanana na zile, na mwaka 1902 akaanzisha ghala lake, akitumia zabibu za Chardonnay ambazo yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzipanda kwa wingi katika eneo hilo. Jina lake halina uhusiano wowote na kiwanda cha magari ya mbio, ambacho kilikuja miongo kadhaa baadaye. Ferrari ni jina la ukoo lililoenea mno Italia.

Kazi aliyoileta inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa thamani yote ya mvinyo huu imo katika hatua zake. Zabibu huvunwa kwa mkono zikiwa bado na uchachu mwingi na sukari ya wastani, hukamuliwa taratibu ili rangi ya maganda isiingie, na maji yake huachwa yachache hadi yawe mvinyo wa kawaida usio na mapovu, mkali mdomoni kiasi kwamba wachache wangeufurahia. Mvinyo huo wa msingi, ambao mara nyingi ni mchanganyiko wa mazao ya mashamba tofauti na hata ya miaka tofauti, hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari ipatayo gramu 24 kwa lita, na chupa hufungwa. Hamira inapoila sukari hiyo hutoa kileo na hewa ya kaboni dioksidi, na kwa kuwa hewa hiyo haina pa kutokea, huyeyuka ndani ya mvinyo hadi shinikizo la chupa kufikia takriban mara 6 ya shinikizo la hewa ya nje. Ndiyo maana chupa hizi huwa nene na nzito. Hamira ikiisha kufanya kazi yake hufa na kugeuka mashapo, na mvinyo huachwa juu ya mashapo hayo kwa miezi au miaka, kwa kuwa chembe zilizokufa humeng'enyuka polepole na kuupa harufu ya mkate mpya.

Mashapo hayo ni lazima yatoke bila mapovu kutoka. Chupa huchomekwa kwenye mbao mbili zenye matundu, zilizoegemezwa pamoja, kifaa ambacho asili yake ni ghala la mjane Clicquot mjini Reims mwanzoni mwa karne ya 19, na mfanyakazi huzishika mbili kwa pamoja, moja kila mkono, akizitikisa kwa mkato na kuzizungusha kidogo huku akiinua vitako vyake siku baada ya siku, hadi baada ya wiki kadhaa chupa zinasimama kichwa chini na mashapo yote yamejikusanya shingoni. Kisha shingo huzamishwa katika kimiminika cha baridi kali, mashapo huganda, na chupa inapofunguliwa shinikizo hukirusha nje kipande hicho cha barafu. Pengo hujazwa kwa mvinyo uliotiwa sukari kidogo au usiotiwa kabisa, na ule unaoitwa bruti una sukari isiyofika gramu 12 kwa lita. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ya kuzungusha hufanywa na mashine, jambo ambalo halibadilishi ladha hata kama linawanyima wageni wa maghala tamasha lao.

Kwa nini kazi hiyo ifanikiwe Trentino na si kwenye tambarare ya mto Po, ni suala la jiografia. Mashamba ya mizabibu hupanda kutoka mita 200 hivi hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, mchana wa kiangazi ni wa joto na usiku huteremka hewa ya baridi kutoka milimani, na tofauti hiyo huilinda asidi ya zabibu isipotee wakati tunda linaiva. Alasiri upepo uitwao Ora huvuma kutoka ziwa Garda na kuyakausha majani. Mizabibu mingi bado hutandazwa juu ya chanja za mbao, kama zile zinazopandiwa mipasheni, na majani yake huyafunika matunda yasiunguzwe na jua.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita juu ya milima hiyo yenyewe, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliikabidhi Trentino kwa Italia. Kwa wazalishaji wa mvinyo badiliko hilo halikuwa la bendera peke yake: nchi iliyokuwa kusini mwa dola kubwa ikawa kaskazini mwa ufalme uliojaa mvinyo, ikapoteza wanunuzi wake wa Vienna, na haikuweza tena kuuza joto. Kilichobaki kuwa cha pekee ni ubaridi wake, na hapo ndipo uamuzi wa Ferrari, ambao mwaka 1902 ungeweza kuonekana kama shauku ya mtaalamu kijana, ulipata maana ya kiuchumi. Hata hivyo yeye mwenyewe hakupanuka. Alitengeneza chupa chache kila mwaka, akizingatia ubora kuliko wingi, na kwa kuwa hakuwa na watoto, mwaka 1952 alimwuzia ghala lake Bruno Lunelli, mwenye duka la mvinyo mjini Trento. Aliendelea kufanya kazi humo hadi alipofariki mwaka 1965.

Lunelli alikuwa mfanyabiashara, na chini yake uzalishaji ulipanda hadi chupa 100,000 kwa mwaka. Wanawe walitengeneza kutokana na mavuno ya 1972 mvinyo wa akiba wenye jina la mwasisi, unaokaa juu ya mashapo kwa karibu miaka 10. Mwaka 1961 lilizaliwa ghala la Equipe 5, kisha vyama vya ushirika vikaingia kwa nguvu. Wakati huo Chardonnay ilikuwa bado inachanganywa na Pinot Bianco katika vitabu na mashambani, na ni mwaka 1978 tu ilipoingizwa rasmi kwenye orodha ya taifa ya aina za mizabibu.

Mwaka 1984 wazalishaji waliunda taasisi ya pamoja, na mwaka 1993 mvinyo wa Trento ukapata hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa na sheria: miezi 15 juu ya mashapo angalau, 24 kwa mvinyo wa mwaka mmoja wa mavuno, na 36 kwa ule wa akiba. Kampuni zinazotumia alama ya Trentodoc, iliyozinduliwa 2007, sasa zinazidi 60, na kuanzia 2021 hadi 2024 mvinyo wa Ferrari ulikuwa ukimwagwa jukwaani na washindi wa mbio za Formula 1. Joto la miaka ya karibuni limeyasogeza mavuno yaje mapema, na wakulima wanaotafuta uchachu wanapanda Chardonnay na Pinot Nero juu zaidi, kwenye miinuko ambayo mababu zao waliiachia malisho kwa sababu zabibu hazikuiva huko.